Maji ya Birika

Nikutegee kitendawili wewe unayesoma: hunisafisha kila siku, naye akichafuka haniambii. Ni nani? Ukikwama, twende taratibu.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka ya watu binafsi yakajaa dawa za kupulizia mboga. Katika kijiji kimoja cha milimani, juu ya Lukozi, palikuwa na shule ya Kiislamu, na mfereji wa mashambani ndio uliojaza birika lake la kutawadhia. Siku hiyo Ustadhi Ramadhani aliwauliza wanafunzi wangependa kazi gani ukubwani. Wengi walitaja ualimu. Sharifa aliinamisha kichwa.

“Binti Nassoro, nakusubiri wewe,” alisema Ustadhi. Adhana ya adhuhuri ikamwokoa.

Wasiokuwa na udhu walikimbilia birikani. Sala haikufika mwisho. Mwanahamisi, rafiki wa Sharifa, alianguka kwenye safu, mate yakimtoka, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Wengine wakaanza kutapika. Watu walinong'ona kuwa ni majini, lakini Ustadhi aliagiza gari la kabichi liitwe, liwapeleke hospitali.

Sharifa alijiuliza. Mbona yeye mzima? Akakumbuka: alitoka nyumbani na udhu wake. Wagonjwa wote walisukutua kwa maji ya birika. Akainusa mikono ya Mwanahamisi, ikanuka dawa ya mboga, kisha akapanda mbio kuufuata mfereji.

Alipofika juu, aliyekuwa mferejini ni baba yake, akifua shati la kazi. Bomba la kupulizia lilikuwa pembeni, limeshasuuzwa mumo humo.

“Baba, maji hayo yanakwenda kwetu shuleni.”

“Najitoharisha nisali, mwanangu. Maji yanayotembea hayashiki uchafu.”

“Mwanahamisi ameanguka, baba. Lete chupa ya dawa, daktari aione.”

Shati likamponyoka, likachukuliwa na maji. Mzee Nassoro aliteremka mbio na chupa mkononi, akalikuta gari linawashwa, akasema mbele ya wote kuwa kosa ni lake. Daktari alipoisoma chupa, alijua la kufanya. Wote walipona.

Walipokusanyika tena, birika lilikuwa kavu, limesuguliwa. Kitendawili changu nacho umeshakitegua: ni maji.

“Tulijali udhu, tukaacha kuyajua maji yenyewe,” alisema Ustadhi. “Kuyachunguza nako ni ibada.” Akamgeukia Sharifa. “Binti Nassoro, bado nakusubiri.”

Sharifa aliinua kichwa.

“Mkemia, Ustadhi. Niyapime maji kabla watu hawajatawadha.”