Hamira Iliyokohoa

Apa kwanza: likiingia sikioni, lisitoke mdomoni. Umeapa? Haya. Aliyelileta hapa naye aliapa, na ndiyo hili unalisikia.

Katika kiwanda kimoja cha mikate, pipa la hamira lilikohoa. Kuumuka, hamira zote huumuka. Hii ilikohoa, tena ikanuka tumbaku ya marehemu baba yake mwokaji.

Msala ukamwangukia mke wa mwokaji, kwa kuwa dawa iliyotiwa pipani aliileta yeye: unga mweupe ambao muuza kemikali alimwambia unavilinda vimeng'enya, vile vinavyoipa hamira nguvu, visife kwa joto. Alitafuta sifa, akapata kesi.

"Dawa!" mama mkwe aliwapigia kelele wakandaji. "Kinywa chake mwenyewe! Mwanangu kaoa mchawi."

"Mama, ni dawa ya hamira isife tu," mke alijitetea.

"Na mchawi gani asiye na jina zuri la dawa yake?"

Wakandaji wakaanza kuacha kazi. Mume akamnong'oneza mkewe, macho yakiwa ukutani: "Likikohoa tena, funga virago. Watoto wanabaki."

Mchana kweupe, wanunuzi wamejaa, pipa likakohoa huko chumba cha nyuma, likaguna kama mzee anayejigeuza kitandani, na ile harufu ikapenya chini ya mlango hadi kwenye meza ya kuuzia, na mke akaona heri jini limmeze kuliko kuachishwa wanawe, akausukuma mlango, mume nyuma yake, na wakandaji, na wanunuzi na mikate yao kwapani.

Mama mkwe alikuwa ameinama, mkono mmoja ndani ya pipa hadi kiwiko, mwingine umeshika fulana ya marehemu mumewe, imechanwa vipande.

"Mama!" mume alisema. "Kumbe ni wewe?"

"Si mlisema dawa inazuia kufa?" mama mkwe alinong'ona. "Nimemtilia jasho lake tu. Kidogo kidogo."

"Toa mkono, mama."

Akavuta. Povu nalo likavuta. Vidole vitano vyeupe vilikuwa vimemkaza kifundo cha mkono.

"Mwacheni," akasema, machozi yakimchuruzika. "Alipokuwa hai hakuwahi kunishika."

Mume hakumwomba mkewe radhi. Hakuwahi. Pipa lilikohoa, likaita kwa sauti ya mzee, taratibu, kwa mahaba:

"Kipusa…"

Mama mkwe hajawahi kuitwa Kipusa. Ila pale mlangoni, mkate ulimdondoka mwanamke jirani yake wa miaka yote.