Vibanio Mgongoni mwa Gauni

Kila siku baada ya masomo, Kidole alivua sare, akala, akaosha sahani yake, kisha akavuka barabara hadi kwenye duka la shangazi yake, fundi cherehani. Jina hilo la utani alipewa na shangazi mwenyewe, kwa kuwa kidole chake hakikujua kutulia: kikikosa kalamu, kilikuwa kwenye simu. Dukani alifagia vipande vya kitambaa, akaokota pini kwa sumaku, na tangu likizo iliyopita alipiga picha na kurekodi video za nguo, akaziweka kwenye ukurasa wa duka mtandaoni.

"Macho yangu ni ya uzi na sindano," shangazi alizoea kusema. "Mambo ya mtandao nimekukabidhi wewe, mwanangu."

Tatizo ni kwamba picha za Kidole zilipendwa na watu wawili tu: yeye, na rafiki yake Kijino, binti wa fundi viatu. Siku moja shangazi alipokwenda kununua uzi, wasichana hao walilivisha sanamu la dukani gauni jipya la kijani. Lilikuwa limeshonwa kwa mtindo wa kulegea, nalo lilining'inia kama pazia.

"Hili ni gauni au hema?" Kijino alicheka. "Lete vibanio vya kuanikia nguo!"

Walikusanya kitambaa mgongoni, wakakibana. Mara kiuno kikatokea, chembamba kama cha nyigu. Kijino aliligeuza sanamu polepole huku Kidole akirekodi. Lilipofika ubavuni, akalisimamisha, mgongo usionekane.

Video ile ilisambaa kama moto nyikani. Gauni lenyewe lilinunuliwa jioni hiyo na mpita njia aliyelipenda vivyo hivyo lilivyolegea. Kesho yake, muuguzi mmoja akatuma vipimo vyake na ujumbe: "Nishonee kama lile la kwenye video. Nitalivaa kwenye harusi ya mdogo wangu."

Kidole alipousoma ujumbe huo kwa sauti, alivikumbuka vile vibanio. Lakini shangazi alikuwa akicheka kwa furaha, naye akaona haya kuikatiza furaha ile. Akanyamaza. Shangazi akakata kitambaa, akashona mshono ule ule wa kulegea.

Muuguzi alikuja zikiwa zimebaki siku mbili tu kabla ya harusi. Alilijaribu gauni nyuma ya pazia, akatoka amenuna.

"Fundi, hili ni langu kweli?"

"Ni lako, dada. Kitambaa kile kile, mshono ule ule."

"Ule ule wapi? Tazama!" Akamwonyesha video kwenye simu yake. "Hiki si kiuno? Mimi umenishonea gunia! Au za kuonyesha mnashona vizuri, za kuuza mnalipua?"

Shangazi aliitazama ile video mara ya kwanza, akaitazama tena. "Nisamehe, dada," alisema. "Niachie. Pita jioni."

Muuguzi alipoondoka, shangazi alivua miwani, akavitazama vidole vyake. "La kwanza nililishona la kulegea hivi hivi, likakaa vizuri vile, na hili limeniharibikia. Mkono wangu umezeeka, mwanangu, wala sikuona. Labda sasa nibaki na kutia viraka tu."

Kidole alishika ufagio, lakini haukusogea. Mkono ule haukuwa na kosa lolote. Ulikuwa umemshonea sare tangu darasa la kwanza, na hakuna mshono uliowahi kufumuka. Sasa mwenye mkono alikuwa akiushuku kwa sababu yake. Alitamani shangazi amgombeze, ampigie kelele, lolote, kuliko kujilaumu kwa upole namna ile.

Alitoka nje hadi kwenye kamba ya nguo, akarudi na vibanio. Alilivisha sanamu gauni la muuguzi, akalibana mgongoni. Kiuno kikatokea. Shangazi akasimama. Ndipo Kidole akaligeuza sanamu, safari hii duara zima.

"Mkono wako haujazeeka, Shangazi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Nililibana la kwanza kwa vibanio, nikavificha."

Shangazi alivichomoa vibanio kimoja kimoja, akavipanga mezani.

"Na ujumbe ulipokuja, ulijua?"

"Nilijua."

"Basi jioni utamweleza mwenyewe. Mimi nitakuwa kando yako, lakini mdomo utakuwa wako."

Jioni Kidole alieleza yote. Muuguzi alimkazia macho, kisha akavitazama vile vibanio, na kicheko kikamponyoka. "Yaani nimekasirikia vibanio vya nguo! Haya, fundi, naomba radhi kwa maneno yangu. Sasa kiuno hicho chaweza kushonwa?"

"Chaweza. Simama hapa nikupime upya."

Shangazi alilipunguza gauni kwa mikunjo miwili ya mgongoni, likamkaa muuguzi kana kwamba alizaliwa nalo. Muuguzi akaomba kurekodiwa akiwa amelivaa. Kidole akaifuta video ya zamani, akarekodi mpya mlangoni penye mwanga: mbele, ubavu, mgongo na mishono kwa karibu.

"Kamera haina kosa," shangazi alisema walipokuwa wakifunga duka. "Ndiyo iliyomleta mteja huyu, nami sitaki uiache. Lakini mteja wa mtandaoni hawezi kushika kitambaa wala kukigeuza. Anakuazima jicho lako. Ukimficha mgongo, umemfumba macho mtu aliyekuamini, na aibu yake itamwangukia asiyehusika. Onyesha kitu kilivyo. Kisipopendeza, tutakirekebisha kwa sindano, si kwa hila."

"Nimesikia, Shangazi."

"Haya, rudisha vibanio kwenye kamba. Nguo zilizofuliwa zinavingoja."