Tone Lisilodanganyika

Kila siku baada ya shule Chiriku alivua sare, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaketi mkekani katika chumba cha mbele kuchambua korosho. Nzima aliweka kwenye beseni jeupe, vipande kwenye beseni jekundu, na zilizoungua alizitupa kando. Mama yake alisimama mbele ya oveni akigeuza trei, jasho likimtiririka. Humo ndani hapakuhitajika redio, maana Chiriku mwenyewe alikuwa redio yenye betri mpya. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo la ndege asiyefunga mdomo alipewa tangu alipojua kusema.

Kazi ya korosho haikuwa ya siku nyingi. Zamani Mama alikuwa mshonaji katika kiwanda cha mashati, na kiwanda kilipofungwa alizunguka kutafuta kazi hadi soli za viatu zikalika upande. Ndipo rafiki yake mmoja wa sokoni akamfundisha kukaanga korosho na kuzifunga kwenye pakiti. Tangu hapo sufuria ilirudi jikoni na kicheko kikarudi nyumbani. Sheria ilikuwa moja tu. Mama alisema mali ya kuuza haina mwonjaji: "Ukionja wewe, nikaonja na mimi, tutauza maganda."

Chiriku aliishika sheria hiyo kwa miezi mitatu. Vidole vyake viliwasha kila alipochambua, lakini aliona hiyo ni kawaida ya kazi, akajikuna na kuendelea kupiga soga.

Jumatano moja Mama alitoka kupeleka pakiti madukani. Chiriku akabaki na mabeseni mawili na njaa moja kubwa. Akatazama mlango, akachukua vipande viwili kutoka beseni jekundu. Vipande tu, alijiambia, si nzima, kosa dogo. Akavitafuna taratibu ili utamu usiishe upesi.

Hata hajameza vizuri, ulimi ukaanza kumwasha kama mtu aliyelamba upupu. Akanywa maji. Muwasho ukateremka kooni. Midomo ikawa mizito, na alipojitazama kwenye kioo akakuta uso wa mtu mwingine: jicho moja limefumba, mdomo umefura, shingo imejaa vivimbe kama aliyevamiwa na siafu. Akataka kuita, sauti ikatoka nyembamba kama mluzi. Akatoka akishika ukuta, hatua kwa hatua, mpaka mlango wa pili, kwenye kibanda cha mzee aliyetengeneza saa, ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Saa.

Babu Saa aliinua kichwa, na kile kioo cha kukuzia alichokuwa amekibana jichoni kikaanguka mezani. Aliacha saa za watu zimetandazwa, akamnyanyua mtoto, akasimamisha teksi. Njia nzima alimshika mkono akimwambia avute pumzi, atoe, avute, atoe. Chiriku alivuta, lakini hewa ilikuwa inapita kwenye tundu la sindano. Miti ya barabarani ikaanza kuwa myeusi pembeni mwa macho yake. Aliwaza kwamba anakufa, na kwamba Mama atarudi akute beseni limepungua vipande viwili.

Kwenye zahanati daktari kijana alimchoma sindano pajani kabla hata hajauliza jina. Baada ya dakika chache koo likafunguka kidogo, kisha kidogo tena. Mama, aliyepashwa habari na majirani, alifika mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Daktari aliwaeleza kwamba ule ni mzio. Mwili wa mtu mwenye mzio hukosea: hukiona kitu kisicho na madhara kuwa adui, ukaanzisha vita, na vita hivyo ndivyo vinavyomuumiza mwenyewe. Akauliza mtoto alikula nini. Chiriku akataja chakula cha shuleni. Daktari aliposikia kazi ya Mama, akauliza kuhusu korosho.

"Huyu haonji, daktari," Mama akasema. "Mwanangu namjua." Halafu akamgeukia Babu Saa, akasema kwa sauti ya chini, "Ingekuwa ni korosho, leo hii ningezima oveni. Tungerudi kule kule."

Chiriku alikujua kule kule. Kulikuwa ni kunywa maji ya moto yanayoitwa chai, na Mama kujifanya ameshiba. Daktari alipomuuliza yeye mwenyewe, akatazama dari.

"Sijala korosho," akasema.

Daktari akaandika barua ya kumpeleka kwa daktari wa mzio katika hospitali kubwa baada ya wiki sita, maana mwili lazima utulie kwanza ndipo upimwe. Akampa Mama vidonge vidogo vya muwasho, akaonya kwamba wiki nzima kabla ya kipimo mtoto asimeze hata kimoja. Vidonge hivyo huufunika mzio, alisema, daktari asione kitu. Maneno hayo aliambiwa Mama, lakini sikio lililoyashika ni la Chiriku.

Zikaanza wiki sita ndefu. Mama alisaka mbaya wake ndani ya chakula. Mayai yakashtakiwa, samaki wakafungiwa nje, maziwa yakafukuzwa nyumbani. Na mhalifu mwenyewe amekaa kwa raha zake kwenye beseni jeupe. Chiriku alijifunga kitambaa puani akisema ana mafua, akachambua kwa ncha za vidole. Kila alipomeza mate alilisikiliza koo lake. Kila trei ilipotoka kwenye oveni alijisogeza mlangoni. Shuleni alikataa hata ndizi aliyopewa na mwenzake, wenzake wakamcheka kwamba siku hizi anakula hewa.

Babu Saa naye aliona. Siku moja alimuuliza kama betri imekwisha, mbona redio haisikiki. Chiriku akatabasamu bila kujibu. Mzee akainamia saa aliyokuwa akiifungua, akasema kana kwamba anaiambia ile saa, "Mficha maradhi, kilio humfichua." Chiriku karibu aseme. Lakini alimwona Mama akipita na mfuko wa pakiti kichwani, akiimba, akaumeza ukweli.

Siku moja kabla ya kipimo alitoa kidonge alichokificha kwenye mkebe wa rula na bikari, akameza. Asubuhi yake akameza kingine.

Daktari wa mzio alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Benchi la nje lilikuwa limejaa: mtoto anayepiga chafya mfululizo, mwanamke mwenye ukurutu mikononi, kijana anayekoroma kifuani. Mama akashangaa kwa sauti, akasema alidhani ni wao tu waliopatwa na balaa hili. Daktari akacheka, akamwambia kwamba mzio ni jambo la kawaida mno. Katika darasa la watoto hamsini, alisema, hashangai akikuta hata kumi wenye mzio wa namna fulani. Wengi ni wa pua na ngozi, wanasumbuliwa na vumbi, chavua au manyoya ya paka. Wa chakula ni wachache zaidi, lakini hao ndio huweza kuishiwa pumzi ghafla.

Kisha akaanza maswali. Ulikula nini, kiasi gani, ulikuwa wapi, zilipita dakika ngapi, imewahi kutokea tena? Alisema nusu ya kazi yake ni kuuliza. Kuna watu ambao ngozi yao huvimba kwenye kipimo lakini chakula chenyewe wanakila bila taabu. Kwa hiyo kivimbe peke yake hakitoshi, lazima kilingane na habari iliyotokea. Wakati mwingine hupima damu. Wakati mwingine mgonjwa huonjeshwa chakula kidogo kidogo hapo hapo hospitalini, dawa zikiwa tayari mezani. Chiriku alijibu maswali yote, na majibu yaliyokuwa muhimu yote yalikuwa ya uongo.

Daktari akamwandika namba mkononi kwa kalamu, akadondosha matone kwa mstari: maji ya chumvi, yai, maziwa, samaki, karanga, korosho, na tone moja la mwisho. Akachoma kila tone kwa kijisindano kifupi, kama sungusungu anayeng'ata akaenda zake. Wakaambiwa wasubiri robo saa.

Chiriku hakuondoa macho mkononi mwake. Alipakodolea macho mahali pa korosho mpaka machozi yakamlenga. Dakika tano, kimya. Dakika kumi, kimya. Robo saa ilipotimia mkono ulikuwa laini. Mama akashusha pumzi, akamshukuru Mungu. Chiriku naye akataka kufurahi, lakini daktari alikuwa amevaa miwani yake na kuinamia lile tone la mwisho, wala hakuinuka.

"Hili si la chakula," akasema kwa upole. "Tone hili humvimbisha kila mtu kidogo, mwenye mzio na asiye nao. Likinigusa mimi navimba. Likimgusa mama yako atavimba. Tunaliweka ili tujue kama ngozi inasema kweli. Ngozi yako, binti yangu, imezibwa mdomo."

Mama alimtazama daktari, kisha mtoto.

"Ningekuwa na haraka," daktari akaendelea, "ningeandika hapa kwamba huna mzio wowote. Mama yako angerudi nyumbani na furaha. Na jioni angekupa kitu kile kile kwa mkono wake mwenyewe."

Chiriku akakiona kiganja cha Mama, kile chenye alama za kuungua, kinamnyooshea korosho, na Mama anacheka. Hofu zote za wiki sita zikawa ndogo mbele ya hofu hiyo.

"Nilikula korosho," akasema. "Vipande viwili. Dakika hata tano hazikupita. Na vidole huwa vinaniwasha tangu zamani. Na kidonge nimemeza jana, na leo nimemeza." Akamgeukia Mama. "Ulisema utazima oveni."

Alingoja kofi. Halikuja. Mama alishika ukingo wa meza.

"Kumbe wiki sita nimekaanga kifo chako," akasema, "na wewe unanichambulia."

Daktari akaagiza kwamba korosho zitoke nyumbani siku hiyo hiyo, vidonge visimezwe mpaka atakaposema yeye, na warudi baada ya siku nane. Akawapa pia sindano ya dharura, akawafundisha wote wawili kuitumia pajani kabla ya kukimbilia hospitali. Chiriku aliishika kwa mikono miwili. Akauliza, kwa sauti ambayo karibu isisikike, kama atakufa. Daktari hakumcheka. Alimwambia kwamba mtu anayemjua adui yake, akamkwepa, na akawaambia watu wanaoweza kumsaidia, huishi akaona wajukuu. Anayemficha ndiye hatari.

Jioni ile Mama na Babu Saa walipakia oveni, trei na mabeseni kwenye mkokoteni wakavipeleka sokoni, kwenye banda la yule rafiki aliyemfundisha kazi. Huko wangekaanga pamoja. Ilimaanisha kuamka mapema zaidi, kutembea mbali, na kuoga na kubadili nguo kabla ya kumgusa mtoto. Mama alisugua sakafu ya chumba cha mbele kwa sabuni mara tatu, na Chiriku akaamriwa akae nje asikanyage.

Siku ya nane wakarudi. Safari hii tone la mwisho lilivimba kama inavyotakiwa. Maji ya chumvi yalikaa kimya. Yai, maziwa, samaki na karanga pia vikakaa kimya. Lakini mahali pa korosho palipanda kivimbe kikubwa kama punje ya maharage, wekundu ukikizunguka. Daktari akakipima kwa rula, akasoma habari aliyoiandika, akasema kivimbe na habari sasa vinasema neno moja. Aache korosho kabisa, asome maandishi ya kila pakiti, asiguse jamii nyingine za njugu za mitini, kama lozi, mpaka zipimwe, na sindano ya pili, aliyowapa siku hiyo, ikae ofisini kwa mwalimu mkuu.

Njiani kurudi Mama alitembea polepole, viatu vikiwa na vumbi la sokoni. Chiriku alimwomba msamaha kwa sababu ya ule mwendo mrefu wa kila asubuhi. Mama akasimama kando ya barabara.

"Sikiliza, mwanangu. Kazi nilishaipoteza moja, nikapata nyingine. Hata hii ingekwisha kabisa, ningetafuta. Wewe nikikupoteza, nitakutafuta soko gani?" Akamfuta uso kwa ncha ya kitambaa chake. "Daktari ana sindano, ana matone, ana miwani, lakini kilichopita mdomoni mwako hakioni mpaka umwambie. Na mimi pia. Siku nyingine ukishikwa na hofu, niletee hofu yenyewe, usiniletee uongo. Hofu tutaibeba wawili. Ule uongo ulikuwa unaubeba peke yako, na ulikuwa unakuua."

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema kwamba bado anaogopa kidogo. Mama akamwambia hata yeye anaogopa, akamshika mkono, wakavuka barabara.