Sijambo ya Koplo

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mama Pacha humvalisha mumewe soksi ya mguu wa kulia. Ya kushoto huvaa mwenyewe. Mumewe ni Koplo. Jeshini alishastaafu, lakini cheo kimemganda kama gundi. Hata kinyozi humwita Koplo. Vitani, vipande vya bomu vilimwingia kwenye nyonga, na tangu hapo nyonga haikunjiki. Akisimama sana inauma. Akikaa sana inamuuma vilevile. Waliojua hayo walikuwa mkewe na soksi tu.

Maana Koplo ni mtu wa fahari. Siku moja aliitwa mbele ya bodi ya madaktari wapime kama anastahili mafao ya ulemavu. Alipiga viatu kiwi mpaka nzi aliyetua juu yake akateleza na kuvunjika shingo. Fimbo ya kutembelea akaiacha nyumbani. Aliingia kwa mwendo wa gwaride, akapiga saluti, na mjusi aliyekuwa ukutani naye akasimama wima. Mimi sikuwepo, lakini mjusi namwamini.

Daktari mkuu akamwuliza, "Hujambo?"

"Sijambo, afande. Imara."

Wakamwuliza mengine, akajibu hivyohivyo. Usingizi mzuri. Ngazi anapanda. Akatoka akitabasamu, akazunguka nyuma ya jengo, akashika bomba la maji na kuuma meno kwa maumivu.

Jibu likaja kwamba maombi yamekataliwa. Bila mafao hayo, nyonga isingetibiwa. Na kule bohari, anakolinda lango, meneja mpya ameondoa kiti cha mlinzi. Koplo hawezi kusimama zamu nzima. Kazi ikimponyoka, nyumba yote itabaki juu ya cherehani ya Mama Pacha.

Koplo akaikunja barua, akasema wakubwa wakishasema wamesema. Mama Pacha akasimamisha cherehani.

"Baba Pacha, na huko vitani ulikuwa unarudi nyuma hivi?"

Basi mama akamwita jirani.

Jirani huyo ni muuguzi mstaafu wa hospitali ya jeshi. Sisi tunamwita Bibi Rufaa, kwa kuwa neno la kwanza la mtu halikubali kamwe. Muuza nyanya akitaja bei, bibi hukata rufaa. Mvua ikikatika mapema, hutazama juu na kudai maelezo.

Akavaa miwani, akaisoma barua, akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Kisha akawasomea: mwombaji ametembea bila msaada, na alipoulizwa hali yake amesema hajambo.

Koplo akang'aka. Ile ilikuwa salamu. Mtu mzima akisalimiwa ajibuje?

"Kwenye salamu, sema sijambo hata ukiwa juu ya machela," bibi akamwambia. "Mbele ya bodi, jambo unalo, litaje. Mficha maradhi, bodi humwumbua."

Akawaeleza taratibu. Kukataliwa si mwisho wa safari, kuna mlango wa pili unaoitwa rufaa. Ila mlango huo una siku ya kufungwa, nayo imeandikwa chini ya barua, pale ambapo watu hawafiki kusoma. Kwa hiyo waipeleke rufaa kabla ya siku hiyo, na nakala yao igongwe muhuri wa kupokelewa. Koplo akasema ataandika kwamba ameonewa. Bibi akatikisa kichwa. Kulalamika hakutoshi, lazima ajibu ile sababu waliyoitoa. Wamesema anatembea vizuri, basi aeleze siku yake mbaya, si siku ya gwaride. Aombe hospitali rekodi za kujeruhiwa na picha ya eksirei, zionyeshe kwamba nyonga iliumia kazini. Amtafute na mwanajeshi aliyekuwa naye siku ile.

Halafu bibi akatazama chini. "Hiyo soksi umevaaje?"

Koplo akatazama dari. Mama Pacha akajibu kwamba ni yeye anayemvalisha.

"Basi huyu ndiye shahidi wako mkubwa."

Hapo Koplo akagoma. Mambo ya chumbani hayaendi ofisini. Mkewe akamsogelea, sindano bado mkononi.

"Bomu limekuchana ukiwatumikia wao, halafu aibu uibebe wewe? Aibu ni yao, mume wangu. Warudishie."

Rufaa ikapelekwa mapema. Siku ya kusikilizwa, Koplo aliingia na fimbo, polepole, mkewe ubavuni. Mezani walikuwepo watu watatu. Mwenyekiti akamkaribisha.

"Hujambo, mzee?"

Ulimi wa Koplo ukaanza kuteleza kwenye ile njia yake ya zamani. Akauzuia.

"Salamu nimeipokea, mheshimiwa. Lakini jambo ninalo, na nililipatia kazini kwenu."

Akaeleza siku yake mbaya, bila kupunguza wala kutia chumvi. Chumvi niachieni mimi. Mama Pacha akaeleza asubuhi zao. Mjumbe mmoja akauliza, kwa mashaka, kama kweli mtu aliyeingia bodi kwa gwaride anashindwa na soksi. Koplo akamwomba mkewe amvue. Akaichukua soksi, akainama. Nyonga ikakataa. Akajaribu tena, jasho likamtiririka mpaka kwenye kola. Soksi ikaanguka sakafuni. Mjumbe akainuka aiokote.

"Usiiokote," Koplo akasema. "Iandike."

Kalamu zikaandika. Kisha Mama Pacha akapiga goti, akamvalisha mumewe mbele ya wote, kichwa juu kama anayevisha medali.

Rufaa ikakubaliwa. Nyonga sasa inatibiwa, na mafao yanaingia nyumbani. Lile lango la bohari lisilo na kiti, Koplo ameliacha. Siku hizi wastaafu wenzake wanaokwenda bodi humpitia kwanza. Anawasalimia, na anayejibu "sijambo" anarudishwa nje kuanza upya.

Wewe nawe, ukikutana naye njiani, usimwulize hujambo kama una haraka. Atakujibu.