Nyundo ya Saa Sita

Ngazi mia mbili na kumi. Mpelelezi Jicho alizipanda mbio, bastola ya Glock mkononi, roho juu.

"Uko wapi?" Sauti ya Mkuu sikioni.

"Juu ya mnara."

"Waya?"

Aliuona. Mwembamba, mwekundu, umefungwa kwenye nyundo ya kengele. Nyundo ikiigusa kengele tu, bomu lililofichwa chini ya jukwaa la uwanjani lingelipuka.

"Nikate?"

"Ukikata, linalipuka. Mtegua mabomu anafika baada ya dakika nne."

Casio yake ya mkononi ilionyesha saa sita kasoro dakika sita. Muda ulitosha, kwa kubanabana.

Alichungulia dirishani. Mji wote ulikuwa chini yake: mapaa ya mabati, stesheni, daraja, na uwanjani mamia ya wazee waliopanga foleni kupimwa macho. Kuwaondoa kungechukua robo saa.

Mbele ya foleni, kitambaa cha kijani.

Mama yake mzazi.

Alimsihi mtunza saa, mzee wa ovaroli aliyempandisha, asimamishe mashine. Mzee akajibu kuwa ufunguo waliondoka nao mafundi wa jana, wale waliojifanya wamekuja kutia grisi. Kisha akaongeza.

"Mwanangu, kuna lingine. Saa hii huwa naitanguliza dakika tano. Watu wa mji huu wachelewaji mno."

Ilibaki dakika moja.

Jicho alivua koti, akalizungushia mkono wa kushoto, akauingiza kati ya nyundo na kengele. Aliogopa kuliko siku zote za kazi yake.

Moja. Mfupa ulivunjika.

Kufikia pigo la nne alikuwa analia waziwazi. Mzee alimkumbatia kiunoni asianguke, akimhesabia.

"Kumi na mbili. Basi, baba. Basi."

Kengele ilikuwa kimya.

Mtegua mabomu alifika akihema, akamaliza kazi yake. Mkuu akaarifu kuwa mafundi wa grisi wamenaswa stesheni, bado wanatazama saa zao.

Simu ikaita.

"Leo kengele haijalia," mama alilalamika. "Mimi hunywa dawa ya presha ikilia. Na sasa askari wanatuhamisha, wakati nilikuwa wa nne."

"Kunywa sasa, mama. Nakuja kukushikia nafasi."

"Mbona sauti imekukauka?"

"Vumbi tu."

Akauficha mkono ndani ya koti, akashuka ngazi taratibu, akipiga mluzi.