Nimerekebisha Kidogo

Jumatatu asubuhi Eustadia aliikuta namba imebadilika. Dozi ya malaria kwa mtoto mdogo ilikuwa kidonge kimoja, aliiandika mwenyewe, lakini sasa kioo cha kompyuta kilisema vinne, na chini yake maneno mawili: "Nimerekebisha kidogo." Akairudisha. Jumanne akakuta vinne. Jumatano, vinne tena. Alichoka kutwanga maji kwenye kinu, na aliyempa uchovu huo hakumwona. Zahanati za wilaya ya Uyui zilitoa dawa kwa kufuata mfumo wa kompyuta ulioandikwa na ofisi yao, na vidonge vinne vingeweza kumuua mtoto.

Maneno yale yalikuwa ya Masolwa, mwenzake wa ofisini. Hakuwahi kugusa kazi ya mtu bila kuyaandika. Lakini Masolwa walishamzika kijijini kwao Lusu, wiki mbili zilizopita.

Bi Asila, mwenye ofisi, na mwenye nyumba kongwe ya babu yake walimofanyia kazi, alifukiza ubani akamwambia atulie. Eustadia hakutaka ubani, alitaka kiraka. Programu waliyotunzia kazi zao ilikuwa na ufa: kompyuta yoyote ya ofisi ingeweza kupenyeza kitu ndani yake bila kupiga hodi. Kiraka cha kuuziba kilitolewa tangu Juni. Aliomba kiwekwe, akaambiwa bando la intaneti limeisha, akaambiwa kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe aliachiwa yeye.

Alhamisi hakuomba ruhusa. Hadi adhuhuri alikuwa ameziwekea kiraka kompyuta zote tano, akairudisha namba, akavuta pumzi. Ndipo aliposikia vitufe vikibonyezwa taratibu kwenye meza ya dirishani, meza ya Masolwa, ambayo haikuwa na kitu juu yake ila vumbi, na harufu ya udongo mbichi uliochimbwa sasa hivi ikajaa chumba, mwezi wa Septemba, Tabora haijaona tone la mvua tangu Mei, na mbele ya macho yake, bila mkono wa mtu, ile moja ikafutika ikawa nne.

"Bi Asila," alinong'ona, "kompyuta zilikuwa sita. Ya Masolwa iko wapi? Nikaizibe na yenyewe."

Bi Asila aliishika ile meza tupu. "Mama yake aliomba mwanawe aende nayo. Mtu amefiwa, utamnyima? Tuliiweka kwenye jeneza."

Eustadia aliogopa, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Miezi mitatu ya kesho, kesho. Akampigia nesi Bernadeta wa zahanati iliyo karibu na Isikizya, akamwamkia haraka, akamsihi asiufuate mfumo, atoe kidonge kimoja tu.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mwenzenu Masolwa amenipigia sasa hivi?" Bernadeta alisema. "Nilikuwa na wasiwasi, akanihakikishia ni vinne. Sauti yake nzito, utadhani ana udongo mdomoni. Mtoto nimeshampa."