Uso Uliosimama Kwenye Ordinatere

Florentine anashona nguo nyumbani kwake Butembo. Mume wake, Paulin, ananunua kakao Oicha. Kila siku saa tisa za mchana walionana kwenye ordinatere, kompyuta yao ya chumbani. Modemu ya intaneti iko sebuleni. Kutoka hapo kable ndefu inapita nyuma ya kabati mpaka chumbani.

Mwezi wa tano, uso wa Paulin ulianza kusimama. Alikuwa akiongea, na ghafla mdomo unabaki wazi, macho nusu yamefungwa. Kisha sauti inakuja peke yake, nzito, kama inatoka ndani ya shimo: "Niko... niko... niko..." Uso wenyewe hautikisiki.

Watoto walikataa kuingia chumbani. Kahongya, mama yake Paulin, alisema aliona uso wa namna hiyo mara moja tu, kwa marehemu bwana yake, siku ya kumlaza ndani ya sanduku. Tena nyumba ikinyamaza, kitu kilikwaruza ukutani.

Jumatano hata sauti haikuja. Uso ulibaki pale robo saa. Simu ya Paulin haikupita, na wiki ile barabara ya Oicha haikuwa na usalama. Kahongya akaanza kuombea roho ya mtoto wake. Florentine alitaka kumkataza, lakini midomo yake mwenyewe ilikuwa ikifuata maombi.

Alimwita jirani yao Séphora, anayetunza ordinatere za shule moja. Séphora alisikiliza yote, hakucheka. Alizima modemu, akangoja kidogo, akaiwasha. Akafunga programu zingine zote. Bado intaneti ilikatika. Basi akabeba ordinatere mpaka sebuleni, akaiunganisha na modemu kwa kable fupi, akapima mwendo wa intaneti. Mega ishirini kwa sekunde. Akarudisha kable ndefu: mega moja, mara sifuri.

"Unaona, dada? Kwa modemu rezo ya intaneti iko muzuri," alisema. "Donc, basi, ubaya hauko Oicha, hauko kwa kampuni. Uko katikati ya hapa na chumba."

Walisogeza kabati. Séphora alifuata kable kwa vidole, polepole, kisha akasimama. Panya walikuwa wameitafuna. Nyuzi za ndani zilikuwa wazi, zingine zimekatika.

"Ndani muko nyuzi nane. Kama zimeumia, sauti na picha vinapotea njiani. Hapana kufunga na utepe wa skochi. Badilisha yote, na uipitishe juu, ndani ya tiyo ya plastiki, panya isifike."

Walinunua kable mpya siku ile ile, wakaipitisha juu. Wakapima chumbani: mega ishirini.

Saa kumi na moja Paulin aliita. Mchana aliwaita sana, alisema, akaona kioo cheusi tu, mpaka simu yake ikaisha moto, chaji yote. Aliuliza kwa nini wanamwangalia hivyo.

Kahongya alisogea karibu.

"Funga macho," alimwambia.

Paulin akafunga.

"Fungua."

Akafungua. Kahongya akamwambia tena afunge, afungue. Ndipo akakaa chini, akamwuliza kama amekula.